Jina la Mti na Sauti ya Ubao: Ufundi wa Gitaa Kavu la Mbao za Masalia

Gitaa kavu, yaani gitaa lisilohitaji umeme ili lisikike, ni sanduku jembamba la mbao ambalo kazi yake ni kuugeuza mtikisiko mdogo wa uzi kuwa mtikisiko mpana wa hewa. Uzi peke yake, hata ukichunwa kwa nguvu, hausukumi hewa ya kutosha kumfikia msikilizaji aliye upande wa pili wa chumba, kwa kuwa ni mwembamba mno. Hivyo huipitisha nguvu yake katika kijiti cha mfupa kilichopachikwa juu ya daraja, na daraja, ambalo limegundishwa kwenye uso wa gitaa, huuchezesha uso huo mzima kama ngozi ya ngoma. Mbavu na mgongo hulifunga sanduku, hewa iliyomo ndani hupumua kupitia tundu la sauti, na shingo huhakikisha kwamba nyuzi zinabaki zimekazwa. Katika maelezo hayo mafupi hakuna mahali popote ambapo jina la mti limehitajika, na jambo hilo, dogo kwa sura, ndilo kiini cha mhadhara huu.

Mbao za masalia, kwa maana inayotumika hapa, ni zile ambazo zilikwisha kufanya kazi nyingine kabla ya kuwa gitaa, kama vile boriti za nyumba zilizobomolewa, paleti za kupangia mizigo ghalani, mapipa, meza na piano zilizokufa, pamoja na magogo yaliyozama mtoni na vipande ambavyo viwanda vya mbao huvihesabu kuwa kuni. Mbao zisizozoeleka ni zile ambazo mapokeo ya ufundi wa gitaa hayakuziweka katika orodha yake, hata kama ni mpya na hazina kasoro. Makundi haya mawili huingiliana mara nyingi, na yote mawili hupokelewa kwa namna mbili zisizo sahihi: ama kwa dharau ya mnunuzi anayeamini kwamba gitaa la thamani halina budi kutengenezwa kwa mti wa thamani, ama kwa shangwe ya anayeamini kwamba ubao uliokaa miaka 100 katika paa la nyumba umejifunza kuimba wenyewe. Ubao hauhitaji dharau wala shangwe. Unahitaji kupimwa, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu karibu kila sifa ambayo soko huisoma katika jina la mti ama imo ndani ya ubao ulioshikwa mkononi ama haimo.

Mtu wa kwanza anayestahili kutajwa ni Antonio de Torres Jurado, fundi wa Kihispania aliyezaliwa karibu na Almería mwaka 1817 na kufariki mwaka 1892, ambaye umbo alilolipa gitaa la nyuzi laini ndilo linalofuatwa hadi leo, pamoja na urefu wa uzi wa takriban milimita 650 kutoka kichwa cha shingo hadi darajani. Mwaka 1862 Torres alitengeneza gitaa ambalo mbavu na mgongo wake vilikuwa vya karatasi ngumu, ile ya matabaka yaliyogandishwa kwa gundi, huku uso pekee ukiwa wa mbao nzuri ya sprusi, mti wa baridi wa jamii ya misonobari ambao ni mwepesi na mkakamavu. Gitaa hilo limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Muziki la Barcelona. Hoja yake ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye ufundi: uso ndio gitaa, na yaliyobaki ni kibanda cha kuushikilia. Ni kweli kwamba jaribio hilo halikuthibitisha kila kitu ambacho wafuasi wake wamelibebesha, kwa kuwa gitaa moja halina la kulinganishwa nalo, na mgongo wa karatasi hunyonya sehemu ya nguvu ambayo mgongo mgumu ungeirudisha. Lakini lilitosha kuubadilisha mjadala. Tena Torres mwenyewe hakuwa mtu wa kuchagua mbao kwa fahari, kwani miongoni mwa magitaa yake yamo yenye nyuso zilizounganishwa kwa vipande vitatu au vinne, mahali ambapo desturi inadai vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka gogo moja na kufunguliwa kama kurasa za kitabu.

Ili kuelewa kwa nini uso una uzito huo katika jambo hili, ni lazima kutazama mvutano unaotawala kazi nzima. Nyuzi sita za chuma za gitaa la kawaida huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 hivi, na nguvu hiyo yote inashikiliwa na ubao wenye unene wa milimita 3 au pungufu. Ubao ukiwa mnene, hauvunjiki lakini pia hausikiki. Ukiwa mwembamba, husikika kwa ukarimu kwa mwaka mmoja au miwili, kisha huanza kuvimba nyuma ya daraja na kuzama mbele yake. Fundi hutembea juu ya ukingo huo, na kinachomsaidia ni fito, yaani vijiti vyembamba vinavyogundishwa upande wa ndani wa uso: Torres alizipanga kama upepeo uliofunguliwa, na mafundi wa Marekani katika karne ya 19, hasa wale wa karakana ya C. F. Martin, wakazipishanisha kwa umbo la herufi X, mpangilio ambao baadaye uliweza kuhimili nyuzi za chuma.

Hapa ipo hesabu moja ambayo kila fundi huijua kwa vidole hata kama hajawahi kuiandika. Ukakamavu wa ubao, yaani ukaidi wake dhidi ya kupinda, hubadilika kwa mchemraba wa unene wake, ilhali uzito wake hubadilika kwa uwiano wa kawaida. Ubao wa milimita 3 ukirandwa hadi milimita 2.7, hupungukiwa na asilimia 10 ya uzito lakini hupoteza asilimia 27 ya ukakamavu. Kupitisha randa mara chache tu, kwa hiyo, huibadilisha sauti kuliko kubadilisha aina ya mti, na hata mbao mbili za mti mmoja, zilizokatwa mita moja kutoka nyingine, zinaweza kudai unene tofauti. Fundi anayetumia kipimo kilekile kwa kila uso kwa sababu kitabu kimesema hivyo atapata gitaa zuri kwa bahati; anayepima ukakamavu na uzito wa kila ubao, kisha akachagua unene unaoufaa, anaweza kutumia msonobari wa paleti na bado akafika karibu na pale alipokusudia.

Kama hali ni hiyo, yafaa kuuliza majina ya miti yalipataje enzi yao. Sehemu ya jibu ni uzuri wa kweli. Rosiwudi ya Brazili, ambayo wataalamu wa mimea huiita Dalbergia nigra na ambayo ni ndugu wa mpingo wa Afrika Mashariki, ni ngumu, inalia kama kengele ikigongwa, na ina michirizi ya rangi ya kahawia na zambarau ambayo jicho halichoki kuitazama. Sehemu nyingine ni uhaba. Mwaka 1992 mti huo uliingizwa katika orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na tangu hapo kila ubao wake unaovuka mpaka huhitaji hati. Marufuku, kama ilivyo kawaida ya marufuku, ikaongeza hadhi ya kilichokatazwa. Tarehe 2 Januari 2017 udhibiti wa daraja la pili ulipanuliwa ukaufunika ukoo wote wa Dalbergia, na wauzaji wa ala za muziki wakajikuta wakiomba vibali kwa gitaa ambalo ubao wake wa vidole tu, yaani ule wa juu ya shingo ambako vidole hubana nyuzi, ni wa rosiwudi, hadi ala zilizokamilika ziliposamehewa mwishoni mwa mwaka 2019. Miaka hiyo mitatu ya karatasi na foleni iliwasukuma watengenezaji wakubwa kuelekea mbao nyingine kwa kasi ambayo mahubiri ya miaka 20 kuhusu misitu hayakuifikia.

Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster nchini Uingereza walichapisha jaribio ambalo lingefaa kusomwa na kila mnunuzi wa gitaa. Fundi Roger Bucknall wa karakana ya Fylde alitengeneza magitaa sita yanayofanana kwa kila namna aliyoiweza, yakitofautiana kwa mti wa mgongo na mbavu pekee: rosiwudi ya Brazili, rosiwudi ya India, mahogani, mepo, sapele na mjozi. Wapiga gitaa 52 waliyapiga katika chumba chenye mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya wachomea vyuma, ili wasiweze kuuona mti. Alama walizoyapa zilikaribiana sana, na uwezo wao wa kulitambua gitaa moja kutoka jingine ulikuwa mdogo mno, ingawa bei za mbao zenyewe zilikuwa mbali kama ardhi na mbingu. Jaribio hilo halisemi kwamba mgongo hauna kazi. Mgongo mzito hurudisha sauti na mgongo mwepesi hucheza pamoja na uso, na fundi hodari huyatumia yote mawili. Linachosema ni kwamba tofauti hizo, mara jicho linapofungwa, ni ndogo kuliko maneno yanayotumika kuzieleza.

Kwa mnyororo huohuo wa mawazo, mwaka 1995 Bob Taylor, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Taylor ya California, alichukua paleti kutoka katika mabaki ya kiwanda na kutengeneza gitaa. Mgongo na mbavu vilikuwa vya mwaloni, mti wa kawaida wa paleti za Marekani, na uso ulikuwa wa msonobari usiojulikana sawasawa ni wa aina gani, uliounganishwa kwa vipande sita. Matundu ya misumari hayakufichwa. Yalizibwa kwa alumini ili yaonekane, na juu ya ubao wa vidole ukapachikwa mchoro wa gari la kunyanyulia mizigo. Gitaa hilo lilipoonyeshwa katika maonyesho ya biashara ya ala za muziki, lilivuta watu kuliko magitaa ya bei kubwa yaliyokuwa kando yake. Inafaa kutambua kwamba utani wa misumari ulikuwa sehemu ya hoja: gitaa lingeweza kupakwa rangi nyeusi na kupita kama jingine lolote, lakini Taylor alitaka mtazamaji asikie kwanza kisha ajionee aibu ya jicho lake.

Mtu huyohuyo alikutana na swali hilo kwa sura nzito zaidi nchini Kameruni, ambako kampuni yake na washirika wa Uhispania walinunua mwaka 2011 kiwanda cha kupasua abunusi kilichoko Yaoundé. Abunusi ni mti mweusi na mgumu wa ubao wa vidole, ambao Waswahili wengi huuchanganya na mpingo ingawa ni wa ukoo mwingine. Soko kwa muda mrefu lilikuwa likitaka abunusi nyeusi tupu, na rangi ya ndani haijulikani mpaka mti uanguke. Kwa hiyo wakataji walikuwa wakiangusha mti, wakitazama kisiki, na kuuacha uoze pale walipokuta michirizi ya kahawia, kwa kuwa mti wenye michirizi haukuwa na bei. Ukubwa wa upotevu huo haukutokana na sauti hata kidogo. Ulitokana na ladha ya macho iliyozoea kinanda na fidla, na Taylor alipoamua kununua abunusi yote, yenye michirizi na isiyo nayo, aliongeza thamani ya msitu bila kuangusha mti mmoja zaidi. Huo pia ni ufundi wa masalia, ijapokuwa ubao wenyewe haujawahi kugusa paleti.

Masalia mengine hutoka majini. Katika karne ya 19 magogo ya redwudi, miti mikubwa ya pwani ya California, yaliteremshwa kwa mito hadi kwenye viwanda, na yale mazito, hasa ya vitako vya miti, yalizama na kulala matopeni kwa miongo mingi. Yanapoopolewa leo, madini ya maji yamekwisha kuyatia michirizi ya kijani, nyeusi na nyekundu, na pete za ukuaji zimebanana kwa namna isiyopatikana kwa urahisi katika miti iliyopandwa. Huko Alaska, kambi za wakata miti zilizojengwa juu ya maji zilielea juu ya magogo ya sprusi, na magogo hayo yalipochoka kuelea yalipata kazi ya pili kama nyuso za magitaa. Bucknall, yule wa jaribio la Lancaster, ametumia mbao za viwanda vya wiski vya Uskoti: mwaloni wa mapipa kwa migongo, na mbao laini za matangi ya kuchachushia kwa nyuso. Harufu, kwa wanaotaka kujua, hubaki zaidi katika mazungumzo ya wauzaji kuliko katika tundu la sauti.

Piano zilizokufa ni hazina ambayo haijasemwa vya kutosha. Ndani ya piano nyingi za zamani kuna ubao mpana wa sprusi wenye unene wa takriban milimita 8, uliochaguliwa na fundi wa zamani kwa vigezo vilevile vya gitaa, na ukapumzika kwa miaka 80 au 100 ndani ya nyumba. Ubao huo ukiondolewa fremu yake ya chuma na kupasuliwa kwa msumeno mwembamba, unaweza kutoa nyuso mbili. Lakini vipande vyake ni vyembamba kwa upana, mara nyingi vimekwisha kupata nyufa, na fundi hana budi kuviunganisha kama Torres alivyofanya. Katika upande wa gitaa la umeme, ambalo liko nje kidogo ya somo hili, mfano mashuhuri ni ule wa Brian May, ambaye mwaka 1963, akiwa kijana, alianza pamoja na baba yake kutengeneza gitaa ambalo shingo yake ilitokana na mbao ya mahogani ya fremu ya jiko la kuotea moto, na ambalo alilipiga baadaye katika bendi ya Queen akiwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar.

Ubao wa masalia unapofika mezani, kazi ya kwanza si kuukata bali kuuhoji. Fundi huanza na misumari, kwa kuwa msumari mmoja uliofichika huharibu meno ya msumeno na unaweza kumjeruhi mtu. Sumaku yenye nguvu au kifaa cha kugundulia chuma hupitishwa pande zote, na kila doa jeusi hutiliwa shaka, maana chuma kikikutana na tanini, ile asidi ya ngozi iliyo nyingi katika mwaloni, huacha weusi unaopenya ndani kuliko msumari wenyewe. Rangi ya zamani haipigwi msasa ovyo, kwani huenda ina risasi. Kisha hutazamwa kichwa cha ubao, mahali pete za ukuaji zinapoonekana: kwa uso wa gitaa, pete zinatakiwa kusimama wima kuelekea bapa la ubao, na hali hiyo ndiyo hupatikana gogo linapopasuliwa kwa kufuata robo zake. Pete zikilala kwa mshazari wa nyuzi 45, ukakamavu wa mbao laini kwa upana hushuka vibaya sana, na hilo ndilo doa kubwa la mbao za paleti, ambazo hupasuliwa kwa namna ya haraka na rahisi. Mwisho hutazamwa mkondo wa nyuzinyuzi kwa urefu, na njia ya zamani inashinda kioo chochote: kupasua kipande cha pembeni kwa patasi na kuona ufa unakimbilia wapi.

Baada ya hapo ubao hugongwa. Ubao wa sentimita 50 hushikwa kwa vidole viwili takriban sentimita 11 kutoka mwisho wake, kwenye mstari ambao hautikisiki ubao unapolia, na kugongwa katikati kwa kifundo cha kidole. Ubao mzuri hulia kwa muda, kama bati la kengele. Ubao wenye ufa, uozo au unyevu hujibu kwa neno moja la kifupi na kunyamaza. Kipimo hiki husemwa sana kana kwamba ni uganga, lakini maana yake ni ya kawaida: ubao unaolia kwa muda mrefu ni ubao unaopoteza nguvu kidogo ndani yake. Fundi makini huongeza mizani na rula, hupima uzito kwa ujazo na kiasi cha kupinda ubao unapowekewa jiwe, na kuandika matokeo kwa penseli juu ya ubao wenyewe, ili mwezi ujao asibishane na kumbukumbu yake.

Kuhusu umri, kuna ukweli uliochanganyika na hadithi. Miaka mingi ya joto na ukavu huivunja polepole baadhi ya kemikali za kuta za chembe za mbao, hasa zile zinazopenda maji, na matokeo yake ni ubao unaovuta unyevu mdogo zaidi na kutanuka kidogo kuliko mpya. Viwanda sasa hujaribu kuiga hali hiyo kwa kuoka mbao katika tanuri lisilo na oksijeni ya kutosha kuwasha moto. Lakini mchakato huohuo huufanya ubao kuwa dhaifu na wa kukatika ghafla, na hapo ndipo methali ya kumkunja samaki angali mbichi inapopata ukweli wa kiufundi. Mbavu za gitaa, zenye unene wa milimita 2 hivi, hupindwa kwa kulowekwa kidogo na kubanwa polepole juu ya bomba la chuma lenye moto. Mwaloni wa pipa au mahogani ya meza ya zamani mara nyingi hukataa mkunjo wa kiunoni, mahali pa kona kali kuliko zote, na hulia ufa mmoja ambao hauna dawa. Mafundi wengi hupunguza unene zaidi, hupinda kwa dakika nyingi badala ya chache, au huunda ubavu kwa matabaka mawili membamba yaliyogundishwa juu ya kalibu. Njia hii ya mwisho huitwa na baadhi ya watu udanganyifu, bila sababu ya maana, kwa kuwa ubavu mgumu usiotikisika ni faida kwa uso.

Gundi nayo hudai heshima yake. Mbao za ukoo wa Dalbergia zina mafuta yanayoisukuma gundi, hivyo hufutwa kwa kiyeyushi muda mfupi kabla ya kuunganishwa, na ubao uliowahi kupakwa nta au mafuta ya samani lazima urandwe hadi ufikie mbao safi, vinginevyo daraja litang'oka siku nyuzi zitakapokazwa.

Suala la unyevu lingeweza kujaza mhadhara mwingine, na kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ndilo lenye uzito kuliko yote. Karakana nyingi za magitaa hudumisha unyevu wa hewa wa asilimia 45 hivi, hali ambayo mbao hutulia zikiwa na maji ya takriban asilimia 8 ya uzito wake mkavu. Katika hewa ya pwani yenye unyevu wa asilimia 75, mbao hizohizo hupanda hadi karibu asilimia 14. Uso wa sprusi wenye upana wa milimita 380, ukipita katika mabadiliko hayo, ungetanuka kwa milimita 3 hivi kama ungekuwa huru, na kwa kuwa hauko huru bali umegundishwa pembeni, huvimba juu na kuinua nyuzi. Hali ya kinyume ni mbaya zaidi: gitaa lililofungwa katika unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, likapelekwa katika majira ya baridi ya Ulaya ambako nyumba hukaushwa na vipasha joto, husinyaa na kupasuka. Fundi wa pwani, kwa hiyo, hana budi kuwa na chumba kidogo anachoweza kukikausha, hata kwa taa tu na kabati lililozibwa, na kugundisha fito na uso ndani yake siku hiyohiyo.

Katika eneo hili mbao zenyewe hazikosekani. Mpingo, Dalbergia melanoxylon, ambao kwa miaka mingi umesafirishwa kwenda Ulaya kuwa klarineti na obo, una uzito wa zaidi ya kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, mara tatu ya sprusi, na huzama majini kama jiwe. Mti wake ni mfupi, umepinda, na una mashimo ndani, hivyo sehemu kubwa ya kila gogo hubaki kiwandani kama vipande visivyotosha kwa klarineti; vipande hivyo vinatosha kwa daraja la gitaa, kwa kijiti cha kichwa cha shingo, na wakati mwingine kwa ubao wa vidole wenye kuunganishwa. Mgongo mzima wa mpingo hupatikana kwa nadra na huwa mzito. Mninga, kwa upande mwingine, ni mtulivu kuliko mbao nyingi za kitropiki, hautanuki wala kusinyaa sana, unarandika vizuri, na umejaa katika vitanda, meza na milango ya nyumba za zamani za Tanzania; ubao wa kitanda cha mninga kilichovunjika mguu unaweza kutoa mgongo na mbavu bila kumnyima mtu chochote. Kilicho kigumu kupatikana hapa ni uso. Msonobari na msaipresi wa mashamba ya nyanda za juu hukua haraka, pete zake ni pana, na vifundo ni vingi, ingawa boriti za zamani zilizokwisha kukauka darini huwa na vipande vilivyonyooka kwa yule mwenye subira ya kutafuta. Wapigaji wa kwanza wa gitaa kavu katika Kongo na Afrika Mashariki walikwisha kuonyesha kwamba muziki hausubiri sprusi.

Limebaki neno kuhusu biashara ya hadithi. Mwaka 1999 kimbunga Floyd kiliuharibu mti wa kale uliosimama katika uwanja wa chuo cha St. John's huko Annapolis, Maryland, mti ambao Wamarekani waliuhesabu miongoni mwa Miti ya Uhuru ya wakati wa mapinduzi yao, nao ukalazimika kukatwa. Kampuni ya Taylor ilitumia mbao zake kutengeneza magitaa 400. Mti wenyewe ulikuwa wa aina iitwayo tulipu popla, mbao nyepesi na ya bei ya chini ambayo seremala wa Marekani huitumia kwa sehemu za samani zisizoonekana, na kama ungeanguka katika shamba la mtu wa kawaida hakuna ambaye angeupeleka kwa mtengeneza gitaa. Hapana ubaya katika hilo, kwani anayenunua kumbukumbu anajua anachokinunua. Ubaya huanza hadithi inapochukua nafasi ya hati: ubao wa rosiwudi unaodaiwa kutoka katika kabati la bibi, kumbe umekatwa mwaka jana, au gogo linaloitwa la mtoni ilhali halijawahi kulowa. Sheria haitofautishi kati ya rosiwudi ya kabati na rosiwudi ya msituni isipokuwa kwa ushahidi, na fundi aliyelipasua kabati bila kulipiga picha kwanza, bila kutunza risiti na tarehe, amejinyima uwezo wa kuliuza gitaa lake nje ya nchi yake.

Kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi wa masalia wameirefusha lebo, ile karatasi ndogo inayobandikwa upande wa ndani wa mgongo na kusomeka kupitia tundu la sauti. Pale ambapo zamani paliandikwa jina la fundi, mji na mwaka, sasa huongezwa uso ulikuwa nini, mgongo ulitoka katika jengo gani, boriti ilitolewa lini, na unene ulioishia mezani kwa sehemu za kumi za milimita.